Desmond Doss: Kazi Aliyopangiwa na Kazi Aliyoichagua

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 17:38-40, Danieli 1:3-16, Mathayo 22:15-22, Marko 3:1-6, Warumi 12:17-21, Warumi 14:1-12, Wafilipi 4:11-13, 1 Petro 3:14-16.

Fungu la kukariri: Danieli 1:8. Lisome katika Biblia yako na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Kuruta anapopita lango la kambi, mambo mengi huacha kuwa mikononi mwake. Wengine humwamulia saa ya kuamka, nguo ya kuvaa, chakula cha kula na mahali pa kulala. Kazi nayo hupangiwa. Huenda alikuwa seremala, akapelekwa jikoni. Huenda alikuwa karani, akakabidhiwa mzinga. Jeshi humuuliza ana ujuzi gani, humpima, huandika majibu yake kwenye karatasi, kisha humpeleka kule lenyewe linakohitaji watu.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mamilioni ya vijana waliandikishwa kwa sheria. Kila mmoja alifanyiwa mtihani na mahojiano katika kambi ya mapokezi, na wachache tu walipata kazi waliyoitamani. Mtu akiingia mahali ambapo kila neno linatoka juu, amebakiwa na uchaguzi gani? Na Mkristo anayeamini kwamba kuna amri iliyo juu ya amri zote, atasimama wapi bila kuwa mkaidi, na bila kumkana Bwana wake?

Juma hili tunafuatana na Desmond Doss, Mwadventista wa Sabato aliyeingia jeshini mwaka 1942 na kukataa kushika silaha. Wengi wanajua alichokifanya katika kisiwa cha Okinawa, hasa tangu filamu juu yake ilipotoka mwaka 2016. Ni wachache wanaofikiri juu ya miaka mitatu iliyotangulia, wakati hakuna aliyempigia makofi. Katika miaka hiyo aliambiwa mara nyingi kwamba kazi aliyoitaka haikuwa yake.

JUMAPILI: Picha Iliyokuwa Ukutani

Desmond Thomas Doss alizaliwa tarehe 7 Februari 1919 katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia. Baba yake, William, alikuwa seremala. Mama yake, Bertha, alikuwa Mwadventista aliyewalea watoto wake watatu, Audrey, Desmond na Harold, katika Shule ya Sabato na ibada ya nyumbani.

Katika nyumba yao ilitundikwa picha yenye Amri Kumi na Sala ya Bwana, ambayo baba aliinunua mnadani. Kila amri ilikuwa na mchoro wake. Penye amri ya sita, msanii alimchora Kaini akiwa na rungu, na Habili amelala chini amekufa. Mtoto Desmond alikuwa akivuta kiti, anapanda juu yake na kuitazama picha ile. Jambo moja lilimsumbua: ndugu anawezaje kumtendea ndugu yake hivyo? Hakuwa na jibu. Lakini swali hilo liliingia moyoni mwake mapema, nalo halikutoka.

Siku moja baba yake na mjomba wake walikunywa pombe, wakagombana, na bastola ikaonekana. Mama aliingia kati, akaichukua silaha ile na kumpa Desmond akaifiche. Familia ilisimulia kwamba tangu siku hiyo kijana huyo aliazimia kutoshika silaha tena. Ile picha ya ukutani sasa ilikuwa imeingia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hakusoma sana. Aliacha shule baada ya darasa la nane, siku za mdororo mkuu wa uchumi, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya mbao ili kuisaidia familia. Hakuwa na shahada, wala hakujifunza kubishana na wasomi juu ya vita na amani. Alichokuwa nacho ni amri aliyoifahamu tangu utoto, na mazoea ya kusali.

Tazama pia kisa cha Danieli. Yeye na wenzake hawakuchagua kupelekwa Babeli. Hawakuchagua majina mapya waliyopewa, wala masomo waliyofundishwa, wala kazi katika jumba la mfalme. Lakini kabla chakula hakijafika mezani, Danieli alikuwa amekwisha kuamua. Kama angengoja mpaka sahani iwe mbele yake na njaa iwe tumboni, huenda habari yake ingekuwa nyingine. Dhamiri haijengwi siku ya jaribu. Siku ya jaribu huonyesha tu kilichojengwa zamani.

*Soma Danieli 1:3-8. Orodhesha mambo ambayo Danieli hakupewa nafasi ya kuyachagua, kisha taja lile alilolichagua. Katika nyumba yako, watoto wanaona nini kila siku kitakachowasaidia kuamua mapema?*

JUMATATU: Herufi Kwenye Karatasi

Vita vilipoifikia Marekani, Doss alikuwa akifanya kazi katika karakana ya meli huko Newport News, Virginia. Kazi ile ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa taifa, kwa hiyo angeweza kuombewa abaki uraiani, naye alipewa nafasi hiyo. Aliikataa. Aliona kwamba yeye ni kijana mwenye afya, na kwamba haikuwa haki wengine waende yeye akibaki. Hivyo tarehe 1 Aprili 1942 aliingia jeshini.

Tusilipite jambo hili haraka. Kijana ambaye baadaye aliitwa mwoga alikuwa na njia halali ya kukaa mbali na vita, naye hakuitumia. Hakukataa utumishi. Alikataa sehemu moja tu ya utumishi, yaani kuua.

Sheria ya uandikishaji ya mwaka 1940 iliwapa nafasi watu ambao mafundisho na imani ya dini yao viliwazuia kupigana. Waliokuwa tayari kuvaa sare bila kubeba silaha waliwekwa katika daraja la 1-A-O. Wale ambao dhamiri zao hazikuwaruhusu kutumika jeshini kwa namna yoyote walipelekwa kufanya kazi za kiraia zenye faida kwa taifa, kama misitu, mashamba na hospitali za wagonjwa wa akili. Karibu vijana 12,000 walitumika katika kambi hizo za kiraia. Doss aliandikwa 1-A-O. Hakulipenda jina la mkataaji. Alipenda kujieleza kuwa ni mtu anayeshirikiana na nchi yake kwa dhamiri.

Msimamo huo Kanisa lilikuwa nao tangu mwanzo. Konferensi Kuu iliundwa Mei 1863, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao. Mwaka uliofuata viongozi wa Kanisa walimweleza gavana wa Michigan kwamba Waadventista hawawezi kuchukua silaha. Kisha J. N. Andrews, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa mmisionari rasmi wa kwanza wa Kanisa kwenda ng'ambo, alitumwa Washington kuomba watambuliwe na serikali ya taifa.

Kanisa lilijifunza pia kwamba kuomba peke yake hakutoshi. Anayeomba kazi fulani ajiandae kuifanya. Mwaka 1934, katika Chuo cha Union mjini Lincoln, Nebraska, Profesa Everett Dick alianzisha mafunzo ya vijana Waadventista katika huduma ya kwanza, kubeba majeruhi kwa machela na nidhamu ya kijeshi. Shabaha ilikuwa kwamba, kijana akiandikishwa, aweze kuonyesha ujuzi unaohitajika katika kikosi cha tiba. Mafunzo hayo yalienea katika vyuo vingine, na maelfu ya vijana wa Kanisa walitumika jeshini kama wahudumu wa tiba.

Hata hivyo, herufi kwenye karatasi si ahadi. Daraja la 1-A-O lilimwambia ofisa kwamba mtu huyu hatabeba silaha. Halikumhakikishia kuruta atapelekwa wapi, wala mkubwa wake atakuwa mtu wa namna gani. Sheria ilifungua mlango. Ndani ya mlango huo kulikuwa na watu, na wengi wao hawakupendezwa.

*Soma Mathayo 22:15-22. Doss alitofautisha vipi anachodaiwa na serikali na anachodaiwa na Mungu? Kuna hatari gani ya kutumia imani kama kisingizio cha kukwepa wajibu?*

JUMANNE: Katika Kombania ya Bunduki

Doss alitarajia kupelekwa moja kwa moja kwenye tiba. Badala yake alipangwa katika Divisheni ya 77 ya askari wa miguu, iliyokuwa ikifanya mazoezi Fort Jackson, South Carolina, na akawekwa katika kombania ya askari wa bunduki. Wakubwa walidhani kwamba akikaa na watu wa bunduki, akila nao na kuchekwa nao, atachoka na kuishika kama wengine.

Maisha ya kambi yalikuwa magumu. Alipopiga magoti kando ya kitanda chake jioni, wenzake walimtupia viatu. Walimtukana, wakamtisha. Alipoomba ruhusa ya siku ya Sabato ili aabudu, waliona anapewa mapumziko ambayo wao hawapati, na chuki ikaongezeka. Baadaye alihamishiwa kikosi cha tiba, lakini hata hapo maofisa walijaribu tena kumrudisha penye bunduki. Mmoja alimtishia mahakama ya kijeshi kwa kukataa kuigusa silaha.

Ikafika siku maofisa walipotaka kumwondoa jeshini kwa madai kwamba akili yake haifai kwa utumishi. Kwa kijana aliyechoshwa na dhihaka, huo ulikuwa mlango wa kurudi nyumbani kwa mke wake, Dorothy, waliyeoana Agosti 1942. Doss alikataa. Kukubali kungekuwa sawa na kukiri kwamba kuishika Sabato na amri ya sita ni ugonjwa. Alisema yuko tayari kufanya kazi yake siku zote, na kwamba wagonjwa na majeruhi atawahudumia hata siku ya Sabato.

Hapa tunaona alichoamuliwa na alichojiamulia. Divisheni haikuwa chaguo lake, wala kambi, wala kapteni wake, wala watu wa kulala nao chumba kimoja. Lakini njia ya kupinga aliichagua mwenyewe. Hakutoroka. Hakugoma kufanya kazi. Alitumia njia za halali: alieleza haki yake kwa sheria, alizungumza na kasisi wa jeshi, na Kanisa nalo lilikuwa na ofisi ya kuwatetea vijana wake mbele ya wakuu wa jeshi. Kwa wenzake alitumia njia nyingine. Baada ya matembezi marefu ya mazoezi, askari waliporudi na malengelenge miguuni, aliyepiga magoti mbele yao na kuwasafisha miguu alikuwa yule yule waliyemtupia viatu.

Danieli naye hakupiga meza mbele ya msimamizi wake. Aliomba, akapendekeza majaribio ya siku kumi, akamwachia mkubwa nafasi ya kuona matokeo. Daudi alivikwa mavazi ya vita ya Sauli, akayavua kwa heshima kwa sababu hakuyazoea, akachukua kile alichokijua. Wote wawili walisimama imara, na hakuna hata mmoja aliyewadharau wakubwa wake.

Divisheni ilihamishwa kutoka kambi hadi kambi, katika jangwa la Arizona na katika milima ya West Virginia. Katika mazoezi ya kupanda miamba huko West Virginia, Doss aligundua kwamba kamba ikikunjwa mara mbili kabla ya kufungwa, fundo hutoka na vitanzi viwili badala ya kimoja. Lilikuwa jambo dogo la mazoezi ya siku moja. Hakuna aliyejua siku itakapohitajika.

*Soma Danieli 1:9-16 na 1 Petro 3:14-16. Unapoomba ruhusa ya Sabato kazini, shuleni au kambini, ombi lako linafanana vipi na la Danieli? Mkubwa wako ameona nini katika kazi yako ya siku nyingine sita?*

JUMATANO: Juu ya Jabali

Divisheni ya 77 ilipigana Guam kuanzia Julai 1944, kisha katika kisiwa cha Leyte, Ufilipino, kuanzia Desemba. Katika vita vya Pasifiki wahudumu wengi wa tiba walivua alama ya msalaba mwekundu, maana iliwafanya shabaha ya adui, na wengi walibeba silaha. Doss aliingia bila silaha yoyote. Kwa ushujaa wake katika visiwa hivyo alipewa nishani ya Nyota ya Shaba. Askari waliomcheka kambini sasa walitaka awe karibu nao risasi zinapolia.

Mwishoni mwa Aprili 1945, kikosi chake kilifikishwa mbele ya jabali la Maeda, Okinawa, lenye kimo cha karibu mita 120. Sehemu ya juu ilikuwa wima kama ukuta, ikipandwa kwa nyavu za kamba. Juu yake Wajapani walikuwa wamechimba mapango na mahandaki, na kila aliyepanda alikutana na bunduki za rasharasha na makombora.

Masimulizi ya Kanisa huliweka tendo lake kuu siku ya Sabato, tarehe 5 Mei. Asubuhi hiyo kombania iliagizwa kushambulia tena, na Doss ndiye mhudumu wa tiba pekee aliyebaki anayeweza kwenda. Kapteni hakumwamuru. Alimwomba. Doss alikubali, maana kuokoa uhai siku ya Sabato ni halali, ila aliomba kwanza amalize ibada yake binafsi. Askari wakangoja. Miaka mitatu nyuma, katika jeshi lile lile, kuomba muda wa Sabato kulimletea viatu na matusi.

Shambulio liligeuka kuwa maafa. Adui alijibu kwa nguvu zote, na waliobaki na miguu wakaamriwa kushuka. Doss hakushuka. Alibaki juu pamoja na majeruhi, akawaburuta mmoja mmoja mpaka ukingoni. Hapo lile fundo la West Virginia lilipata kazi. Alipitisha miguu ya majeruhi katika vitanzi viwili, akaifunga kamba kifuani, akawateremsha taratibu mpaka mikononi mwa waliokuwa chini. Kila alipomshusha mmoja alisali, akimwomba Bwana amjalie kumpata mwingine mmoja tu. Aliendelea hivyo kwa saa nyingi.

Walioupanda ukingo ule siku hiyo walihesabiwa kuwa 155, na walioshuka kwa miguu yao kama 55. Kwa hiyo wakubwa walisema ameokoa 100. Yeye alisema hawakuzidi 50. Wakakubaliana kuandika 75.

Usiku wa tarehe 21 Mei, karibu na Shuri, bomu la mkono lilimjeruhi miguuni. Alijitibu mwenyewe, asimwite mhudumu mwingine kutoka mahali pa usalama, akangoja saa 5 mpaka wabeba machela walipomfikia. Njiani alimwona askari aliyeumia zaidi, akajiviringisha kutoka kwenye machela na kuwataka wambebe yule. Akingoja warudi, risasi ilimvunja mkono. Alichukua kitako cha bunduki, akakifunga mkononi kama gango, akatambaa karibu mita 270 hadi kituo cha tiba. Ndiyo faida aliyoipata katika bunduki: ilimsaidia kuunyosha mfupa uliovunjika.

Akiwa hospitalini aligundua kwamba Biblia aliyopewa na Dorothy imepotea vitani. Alituma habari kwa kombania yake. Wenzake walirudi mahali pale wakaitafuta mpaka wakaipata, nao wakampelekea.

*Soma Marko 3:1-6. Yesu aliuliza swali gani kuhusu Sabato, na tendo la Doss linalijibu vipi? Soma pia Warumi 12:17-21. Ni nini kilichowageuza askari waliokuwa adui zake kambini?*

ALHAMISI: Baada ya Nishani

Tarehe 12 Oktoba 1945, Rais Harry Truman alimvika Doss Nishani ya Heshima katika Ikulu ya Marekani. Ni nishani ya juu kuliko zote katika jeshi la nchi hiyo. Yeye ndiye mkataaji wa silaha kwa sababu ya dhamiri wa kwanza kuipokea. Jeshi lililotaka kumwandika kuwa hafai kwa akili liliandika jina lake miongoni mwa mashujaa wake.

Habari njema mara nyingi huishia hapo. Maisha ya Doss hayakuishia hapo. Huko visiwani alikuwa ameambukizwa kifua kikuu. Alitibiwa kwa miaka mingi, akaondolewa pafu moja na mbavu tano. Hakuweza tena kufanya kazi ya kutwa kama fundi. Mwaka 1976 alipoteza uwezo wa kusikia, na akaishi katika ukimya miaka kumi na zaidi mpaka alipowekewa kifaa cha kumsaidia mwaka 1988. Mwaka 1991 Dorothy alifariki katika ajali ya gari. Doss alioa tena, akaendelea kutembelea makanisa na vijana, na akafa tarehe 23 Machi 2006, akiwa na umri wa miaka 87. Alizikwa katika makaburi ya taifa huko Chattanooga, Tennessee.

Hapa pana fundisho ambalo nishani inaweza kulificha. Utii wa Doss haukumkinga na maumivu. Alipochagua utumishi badala ya karakana ya meli, alichagua pia, bila kujua, pafu moja na masikio yasiyosikia. Wengine walishika amri zile zile, wakalala chini ya msalaba mweupe Okinawa au Leyte, wala hakuna filamu juu yao. Hatuipimi imani kwa kuangalia kama iliishia kwenye jukwaa la Ikulu. Kama Doss angehukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 1943 na kusahaulika gerezani, uamuzi wake ungekuwa sahihi vile vile.

Yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Aliishi maisha ya kawaida milimani huko Georgia, na alipohutubia alirudi kwenye jambo moja: sifa ni za Mungu aliyemlinda. Mwaka 1951 kambi ya taifa ya mafunzo ya tiba ya vijana Waadventista huko Michigan ilipewa jina lake, na hilo lilimfaa kuliko sanamu, kwa sababu lilimhusisha na vijana wanaojiandaa.

*Soma Wafilipi 4:11-13. Paulo aliandika akiwa kifungoni, mahali asipopachagua. Kuridhika kwake kunatofautianaje na kukata tamaa?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ukiyapanga maisha ya Doss katika safu mbili, safu ya mambo aliyopangiwa ni ndefu: vita, divisheni, kambi, kapteni, kisiwa, jabali, jeraha, ugonjwa. Safu ya mambo aliyoyachagua ni fupi: kwenda badala ya kubaki, kutobeba silaha, kuishika Sabato, kukataa kuitwa mgonjwa wa akili, kubaki juu wengine waliposhuka. Lakini safu hiyo fupi ndiyo iliyoipa maana ile ndefu.

Swali gumu linabaki. Je, anayemtibu askari ili arudi vitani hajashiriki vita? Baadhi ya Wakristo waaminifu wa siku za Doss waliona hivyo, wakachagua kambi za kiraia. Wengine waliona kwamba majeruhi ni jirani, kama yule wa njia ya Yeriko, na jirani haulizwi kwanza atafanya nini akipona. Wako pia Waadventista waliobeba silaha kwa dhamiri zao. Kanisa hufundisha na kupendekeza njia ya kutobeba silaha, lakini halimhukumu mshiriki aliyeamua tofauti. Kila mmoja atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu. Soma tena Warumi 14:1-12 ukiwa na jambo hili akilini.

Kumbuka pia kwamba Doss alikuwa na sheria iliyomruhusu kuomba. Si kila nchi wala kila zama imekuwa na sheria ya namna hiyo. Inawapasa wazazi, wachungaji na walimu wa vijana kuzijua sheria za mahali walipo, kuandika barua mapema, na kumsindikiza kijana mpaka mlangoni pa ofisi inayohusika. Kijana asiachwe ajitetee peke yake siku ya kwanza kambini.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana wa kanisa lenu ameitwa kwenye mafunzo ya kijeshi au ya kujenga taifa. Kanisa lenu limemwandaa vipi kwa habari ya Sabato na silaha? Nani atamwandikia barua, na nani atafuatilia majibu?

2. Wengi hawatavaa sare kamwe, lakini hupangiwa kazi hospitalini, viwandani, shuleni au ofisini. Taja mambo ambayo mwajiri ana haki ya kukupangia, na lile ambalo huwezi kumkabidhi. Mpaka uko wapi?

3. Doss alikataa kuachiwa kwa njia ambayo ingeitukana imani yake. Je, kuna ruhusa au nafuu ambayo Mkristo anapaswa kuikataa hata kama ingemrahisishia maisha? Toeni mifano.

4. Katika darasa lenu huenda wapo waliowahi kuwa askari, au wenye jamaa waliouawa na askari. Mtalizungumzaje somo hili ili asiwepo anayeumizwa, wala ukweli usifichwe?

5. Fikiria siku ambayo wenzako wa kazi au wa chumba watajikuta kwenye hatari. Je, kwa jinsi unavyowatendea leo, watataka uwe karibu nao?